Somo: Ndimu na Ndoo ya Bati



Tumepata barua kutoka kwa mwanachama mmoja wa kaskazini ya Pemba, nayo ndiyo iliyotupa somo la safari hii. Asema alinunua ndoo mbili za bati siku moja, katika duka moja. Ya kwanza huchotewa maji ya kisima, na mpaka leo ni nzima. Ya pili mkewe aliitia ndimu zilizokatwa na chumvi, kwa nia ya kufanya achari, akaifunika, akaiweka uvunguni muda wa siku tatu. Alipoifunua alikuta mapovu juu ya maji, na maji yenyewe yana ladha ya kukwaruza ulimi. Ndoo ndani imekuwa nyeusi na madoadoa, kuanzia chini mpaka pale ndimu zilipofika. Baada ya miezi michache ikatoboka. Mwanachama auliza mambo mawili: je, ndoo ile ilikuwa mbovu, hata aweza kurudi dukani kudai chake? Na je, achari ile yaliwa?

Twamjibu mara moja, kisha tueleze sababu. Ndoo haikuwa mbovu, na mwenye duka hana kosa. Achari isiliwe, na kama imekwisha kutiwa chupani, imwagwe.

Sababu yake ni jambo moja la elimu ya kemia ambalo lahusu nyumba zetu, mashamba yetu, na hata mafuta ya karafuu zetu wenyewe, nalo ni jinsi madini yanavyopambana na asidi. Asidi ni neno la kitaalamu kwa vitu vyenye uchachu: maji ya ndimu, siki, ukwaju, na ile tindikali ya betri ya gari ambayo hakuna atakayethubutu kuionja. Uchachu wa ndimu watokana na asidi iitwayo sitriki, ambayo Scheele, mwanakemia aliyeishi Sweden, aliitoa katika maji ya malimau mwaka 1784. Lita moja ya maji ya ndimu ina asidi hiyo kadiri ya gramu 45 mpaka 50. Si kidogo.

Msomaji asitusadiki kwa maneno tu. Ajaribu mwenyewe. Chukua bilauri nne za kioo, kila moja uitie maji ya ndimu yaliyochujwa, kadiri ya vidole viwili. Katika bilauri ya kwanza tia kipande cha bati la zinki, kilichokatwa kiasi cha ukucha. Ya pili, msumari uliosuguliwa kwa msasa mpaka ukang'aa. Ya tatu, kipande cha waya wa umeme uliovuliwa ngozi yake, yaani shaba nyekundu tupu. Ya nne, kijiko cha chuma kisichoshika kutu. Kisha keti utazame.

Kwenye bati utaona vipovu vidogo vidogo vikiota kama jasho, kisha vikipanda juu, navyo ni vingi zaidi ukiweka bilauri juani, kwa sababu joto huharakisha kazi. Kwenye msumari vipovu ni vichache, na pengine itakubidi ungoje mpaka kesho yake, ambapo utakuta na maji yamebadilika rangi. Kwenye shaba hutaona povu hata moja. Kwenye kijiko pia hakuna kitu. Asidi ni ile ile, imetoka katika ndimu zile zile, lakini kila madini imeipokea kwa namna yake.

Sasa povu lile ni nini? Ni hewa iitwayo haidrojeni, nyepesi kuliko hewa zote, nayo yawaka moto. Mwingereza mmoja, Henry Cavendish, ndiye aliyeichungua vizuri mara ya kwanza, mwaka 1766. Alitia zinki, chuma na bati laini katika asidi kali, akakusanya povu, akaona kwamba hewa iliyotoka ni moja, ijapokuwa madini ni mbalimbali. Lakini Cavendish alikosea jambo moja, nasi twalitaja kwa sababu kila mtu atazamaye bilauri ya kwanza hukosea vivyo hivyo. Yeye alidhani hewa ile yatoka ndani ya madini, kwa kuwa ndipo vipovu vinapoota. Kumbe sivyo. Haidrojeni hutoka katika asidi. Mwaka 1838 Liebig, Mjerumani, aliliweka wazi: asidi ni kitu chenye haidrojeni ambayo madini yaweza kuiondoa na kukaa mahali pake.

Tufananishe na baraza yenye viti vichache. Haidrojeni imekaa kitini ndani ya ndimu. Akija zinki, mwenye nguvu kuliko yeye, humwondoa na kukaa yeye. Haidrojeni aliyekosa kiti huenda zake juu, na hilo ndilo povu. Na zinki aliyekaa kitini haonekani tena kwa macho. Amekwisha kuwa chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji ya ndimu. Tafadhali msomaji aishike sentensi hiyo, kwani hapo ndipo hatari ilipo. Ndoo imepungua, na kilichopungua hakikupotea. Kimo ndani ya achari.

Wataalamu wameyapanga madini kwa nguvu zao. Magnesi hutangulia, kisha alumini, zinki, chuma, bati laini, risasi. Baada ya hao yupo haidrojeni mwenyewe. Nyuma yake wamo shaba, fedha na dhahabu, ambao hawawezi kumwondoa kitini. Ndiyo maana pete ya dhahabu haidhuriki mkono ukikamua ndimu, na ndiyo maana waya wa shaba ulikaa kimya katika bilauri ya tatu.

Kiasi cha hewa itokayo chaweza kumshangaza mtu. Gramu 65 za zinki zikiliwa zote zatoa gramu 2 tu za haidrojeni, lakini gramu 2 hizo zajaza nafasi ya lita 24 hivi, yaani zaidi ya dumu kubwa la mafuta. Wafaransa waliitumia sifa hiyo. Tarehe 27 Agosti 1783, Jacques Charles alirusha mjini Paris puto lililojazwa haidrojeni, na haidrojeni hiyo aliipata kwa kumimina ratili zipatazo 500 za tindikali juu ya ratili 1,000 za vipande vya chuma. Puto lilipaa, likaenda kuanguka katika kijiji cha Gonesse. Watu wa kijiji, wasiopata kuona kitu kama hicho, walilivamia kwa nyuma za kulimia na visu mpaka likatatuka. Hatuwacheki. Kitu chashuka kutoka mbinguni, chapumua, chanuka vibaya. Nani miongoni mwetu angekikaribisha kahawa?

Turudi nyumbani. Huenda bibi mmoja akauliza: kama shaba hailiwi na asidi, mbona tukisugua sinia la shaba kwa ukwaju au ndimu latoka jeusi likang'aa? Swali zuri, na jibu lake ni hili. Weusi ule si shaba tupu. Ni shaba iliyokwisha kuungana na oksijeni ya hewa, kwa mfano wa kutu. Asidi huyeyusha utando ule upesi, na chini yake shaba tupu yabaki. Hata hivyo mambo hayaishii hapo. Chakula kichachu kikilala katika chombo cha shaba, hewa huendelea kuigeuza shaba kidogo kidogo, na asidi huendelea kuiyeyusha, mpaka ikatokea ile kutu ya kijani ambayo ni sumu. Wazee wetu hawakusoma kemia, lakini masufuria ya shaba ya kupikia biriani waliyatia bati laini ndani, na bati lile lilipochakaa walimwita fundi alitie tena. Leo sufuria za namna hiyo zimebaki chache, na mwenye kuwa nayo aitazame ndani kabla ya kupikia kitu chenye ndimu.

Sufuria za alumini nazo zina tabia ya peke yake. Kwa nguvu, alumini yamzidi hata zinki, kwa hiyo ungetazamia ndimu iitafune usiku mmoja. Haifanyi hivyo kwa sababu hujivika utando mwembamba mgumu mara tu iguswapo na hewa. Ukipika mchuzi wa ukwaju utaona sufuria imetakata ndani. Ni kwamba utando umevuliwa na mwingine wavikwa. Kupika si neno, lakini chakula kichachu chenye chumvi kisilazwe humo. Na magadi ni adui wa alumini kuliko ndimu.

Sasa habari ya ndoo. Ndoo ya bati ni chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Ngozi ile ya zinki ni nyembamba kuliko karatasi, nayo ndiyo inayokilinda chuma kisiote kutu. Kwa maji ya kisima yafaa sana. Kwa kitu kichachu haifai hata kwa usiku mmoja. Sisi wenyewe tulipata kuhudhuria shughuli moja, zamani kidogo, ambapo sharubati ya malimau ilikamuliwa tangu magharibi, ikawekwa katika ndoo mpya za bati ili ipoe mpaka wageni wafike asubuhi. Ndoo zilikuwa zinang'aa, na kila mtu alizisifu. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa nyuma ya nyumba wakitapika, wakubwa kwa watoto, na wengine matumbo yakiwasokota. Maneno yakaanza. Wengine walisema samaki, wengine wakamtaja kwa siri mama mmoja mzee aliyeandaa sharubati ile, kwamba ana jambo na wenye shughuli. Yule mama aliondoka akilia, na kwa muda mrefu hakualikwa tena mahali. Kosa lake lilikuwa kuchagua ndoo zilizo safi kuliko zote.

Zinki kidogo mwilini ni dawa, lakini kadiri ya robo gramu mpaka nusu gramu ikinywewa mara moja yatosha kumtapisha mtu mzima. Ladha yake ni ile ile aliyoitaja mwanachama wetu, ya kukwaruza ulimi kama mtu aliyelamba sarafu. Mwenye kuionja katika kinywaji asiendelee. Chombo cha ndimu, siki, ukwaju, embe mbichi na tui lililochacha kiwe cha kioo, udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kioo isiyo na risasi, plastiki ya chakula, au chuma kisichoshika kutu.

Tuingie shambani, kwa kuwa huko hasara huhesabiwa kwa fedha. Wanachama wengi hulima nyanya kati ya misimu ya karafuu, na wapo wanaonyunyiza dawa ya mrututu na chokaa, ile aliyoitangaza Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885. Mrututu ni chumvi ya shaba, na maji yake yana uchachu. Tumekwisha kusema kwamba shaba ni mnyonge katika mpango wa madini. Basi maji ya mrututu yakitiwa katika ndoo ya bati au pipa la chuma, mchezo wa viti waanza tena, ila safari hii aondolewaye ni shaba. Zinki na chuma huingia majini, na shaba hutoka na kujibandika kwenye kuta za chombo kama vumbi jekundu au jeusi. Mkulima aonapo wekundu ule hudhani ni kutu, akausugua, akaendelea.

Tufanye hesabu. Gramu 100 za mrututu zina shaba kadiri ya gramu 25. Ili kuitoa shaba hiyo yote, chombo hupoteza gramu 26 za zinki, au gramu 22 za chuma. Kwa hiyo kila utiapo gramu 100 za mrututu katika ndoo ya bati, ndoo yaweza kupungua kiasi hicho, na dawa nayo hupungukiwa na shaba ambayo ndiyo nguvu yake. Umenunua dawa ukaipaka ndoo, na nyanya umezinyunyizia maji yasiyo na faida. Tumewasikia watu wakisema dawa za siku hizi ni bandia. Zipo bandia, hatukatai. Lakini kwanza tuitazame ndoo.

Njia iliyo sawa ni hii. Kwa lita 10 za dawa, pima gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa nzuri. Mrututu uyeyushe katika lita 5 za maji ndani ya chombo cha plastiki au mtungi. Chokaa ikoroge katika lita 5 nyingine, ndani ya chombo kingine. Kisha mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa polepole huku ukikoroga, mpaka upate rangi ya samawati iliyo nzito. Chuja, tia katika pampu, nyunyiza siku hiyo hiyo, na pampu ioshwe kwa maji mengi jioni. Usiilaze dawa.

Na utajuaje kama chokaa imetosha kuua uchachu? Chukua kisu cha chuma cha kawaida, kilichonolewa kikang'aa, ukitie ncha ndani ya dawa kwa dakika moja au mbili. Kikitoka na utando mwekundu, shaba imetoka, maana yake uchachu bado upo, na dawa hiyo itaunguza majani na kula pampu. Ongeza chokaa kidogo, ujaribu tena. Kikitoka cheupe kama kilivyoingia, nyunyiza. Jaribio hili halina gharama, na wakulima wa nchi nyingi wamelitumia tangu zamani. Kisu cha chuma kisichoshika kutu hakifai kwa kazi hii; kitatoka cheupe hata dawa ikiwa mbaya.

Imebaki habari ya zao letu lenyewe. Mafuta ya karafuu, yawe ya karafuu yenyewe au ya makonyo au ya majani, kwa sehemu kubwa ni kitu kiitwacho yujino. Nacho, ingawa si kichachu ulimini, ni asidi dhaifu. Kikikutana na zinki iliyochomwa ikawa unga mweupe, viwili hivyo hushikana na kuwa kigumu kama saruji. Madaktari wa meno ulimwenguni pote hutumia saruji hiyo kuziba jino kwa muda, na ndiyo maana chumba cha daktari wa meno hunukia karafuu. Wengi wetu tumelipia kwa fedha nyingi kurudishiwa kinywani kile tulichokiuza kwa kilo.

Lakini yujino ikikutana na chuma chenye kutu, hugeuka rangi. Mafuta yaliyokuwa ya manjano mepesi huwa ya kahawia, hata yakaelekea zambarau nyeusi, na mnunuzi ayatazamaye hushusha bei kabla hajayanusa. Wenzetu wa Indonesia, ambao wengi hukeneka mafuta ya majani ya mkarafuu katika vyombo vya chuma cha kawaida, wanaijua sana taabu hii. Na dawa waliyoiona huko yapendeza kuisikia, kwani ni asidi sitriki, ile ile ya ndimu, iliyosafishwa ikawa chembechembe nyeupe. Hukorogwa na mafuta, ikakishika chuma na kukiondoa, na mafuta yakarudia weupe wake. Asidi iliyoharibu ndoo ya Pemba yatengeneza mafuta ya Java. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kuzuia. Mwenye chupa ya mafuta ya karafuu nyumbani aiweke katika kioo cheusi, na asiyatie kamwe katika kopo la bati. Kwa kujaribu, tone chache juu ya msumari wenye kutu zitamwonyesha asubuhi tunayoyasema.

Neno moja juu ya tindikali ya betri, maana vijana wetu siku hizi huichezea. Hiyo ni kali mara nyingi kuliko ndimu. Anayeipunguza nguvu aitie tindikali ndani ya maji, kidogo kidogo, wala asitie maji ndani ya tindikali, kwa sababu huchemka ghafla na kumrukia usoni. Iliyomwagika mwilini ioshwe kwa maji mengi yatiririkayo, muda mrefu, kabla ya kufanya jingine lolote. Na betri inapotiwa umeme hutoa haidrojeni, ile iliyopaisha puto la Charles, kwa hiyo chumba kiwe wazi, na mvuta sigara akae mbali.

Mwanachama aliyetuandikia ameuliza katika mwisho wa barua yake kama ndoo iliyotoboka ina kazi gani tena. Yafaa kubebea makonyo makavu na majivu ya jikoni yaliyokwisha kupoa. Ile nzima aendelee kuchotea maji ya kisima, na ndimu amnunulie mkewe chupa ya kioo yenye mdomo mpana.